Itafute "Hapana": Namna ya Kuupima Utafiti wa Vijana wa Shinyanga na Geita

Ripoti ya utafiti uliofanywa kwa kuongea na vijana usianze kuisoma kutoka mwanzo. Mwanzo utakueleza nia, na nia huwa njema kila mara. Fungua sura ya mbinu, tafuta palipoandikwa idadi ya waliohojiwa, kisha uulize: wangapi walikataa? Kama vijana arobaini waliombwa na wote arobaini wakakubali, iweke ripoti chini kwanza ufikiri. Katika vijiji vya Usukuma, ambako mtoto humwamkia mgeni kabla hajamaliza kushuka kwenye gari, kukubali kwa asilimia mia si dalili kwamba watu walipenda. Ni dalili kwamba hawakupewa njia ya kukataa.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na mengi nitakayoyasema hapa yanatoka humo. Kazi ya mahojiano na vijana wanyonge hutambulika kwa kile ambacho mtafiti alikubali kukikosa: swali aliloliacha, jina la kijiji alilolifuta, kijana aliyemwacha aende zake. Anayejua kusoma ripoti huzitafuta alama za kuachia huko, maana zikikosekana hata takwimu nzuri na dondoo za kugusa moyo haziwezi kuiokoa kazi.

Vijana ninaowazungumzia ni wa aina mbili, ingawa kwenye machimbo ya dhahabu mara nyingine hukutana. Wa kwanza ni wenye ualbino. Ni Wasukuma, Wasumbwa, Waha kama jirani zao, lakini ngozi yao imewatenga ndani ya ukoo wao wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 wa kufuta ubaguzi wa rangi unaitaja rangi ya ngozi kama msingi wa ubaguzi unaojitegemea, mbali na kabila na asili ya taifa, na ndiyo maana watetezi wa watu wenye ualbino wameutumia. Wa pili ni watoto wa wageni: vijana wa Kiha na wa asili ya Burundi waliofuata rashi, yaani mbio za dhahabu, au waliozaliwa kando ya maduara, mashimo ya kuchimbia, ambao swali la "kwenu ni wapi?" halijawahi kuwa jepesi kwao. Wote hao wamehojiwa sana, na walio wengi hawakuona kurasa zilizoandikwa juu yao.

Turudi kwenye kukataa. Kijana wa kule akikataa hasemi hapana. Anasema "nitakuja kesho." Anasema "ngoja nimuulize mama." Anacheka, anaangalia chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Au anakubali kukaa, halafu kila jibu linakuwa "kawaida tu" na "sijui." Ukishaamkiwa shikamoo ukaitikia marahaba, umekwisha kuwa mkubwa, na mkubwa hakataliwi usoni. Mtafiti hodari anayajua hayo kabla hajatoka Mwanza. Kila "nitakuja kesho" anaihesabu kuwa hapana, anaiandika kwenye daftari, na kesho yake hamfuati kijana nyumbani kumkumbusha. Mtafiti hafifu anaandika "mshiriki hakupatikana," kisha anamtuma mwenyekiti wa kitongoji akamlete.

Mfumo wa vibali nao unasukuma kuelekea huko. Mtafiti anaanza na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Kama kazi inagusa afya anapita pia kwenye kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Barua inashuka kwa katibu tawala wa mkoa, kwa wilaya, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ngazi hiyo ina sababu yake na sidharau hata mhuri mmoja. Lakini barua iliyopita mikono sita ya wakubwa, ikifika kwa msichana wa miaka 15 anayeosha mchanga mwaloni, kwenye sehemu ya kuoshea dhahabu, haiwi ombi tena. Imekuwa agizo. Kwa hiyo tazama kama mtafiti aliukata mnyororo huo mahali fulani. Je, mtendaji alitambulisha wageni kisha akaondoka, au alikaa kwenye kiti cha pembeni hadi mwisho? Nani aliwachagua vijana? Baadhi ya watafiti katika vijiji vya Kisukuma hupitia kwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana, na ni afadhali kuliko mtendaji, maana vijana wamemchagua wao. Hata hivyo naye ana sauti nzito, na orodha ikitoka mkononi mwake utakuta marafiki zake wamejaa na waliogombana naye hawamo.

Kwenye viambatisho tafuta maneno yenyewe yaliyosemwa wakati wa kuomba ridhaa. Ripoti nzuri huyaweka. Ninachotamani kukikuta kinafanana na hiki: "Mdogo wangu, nimeonana na mtendaji, lakini hajui nitaongea na nani na sitamwambia. Kesho saa tisa nitakuwa pale nyuma ya zahanati. Ukija tutaongea. Usipokuja sitakuuliza kwa nini, wala nikikutana nawe njiani." Sentensi nne au tano za namna hiyo zina thamani kuliko fomu ya kurasa nne yenye alama ya dole gumba. Zinampa kijana usiku mzima wa kufikiri, na zinamwezesha kukataa kwa kutokuja tu, jambo ambalo adabu yake inamruhusu.

Na nani alimsainia kijana fomu? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na utaratibu wa maadili unadai ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Machimboni hapo ndipo penye mtego. Mvulana aliyetoka Kasulu au Kibondo amekuja na kaka yake. Kaka amehamia rashi nyingine. Anayempa chakula na pa kulala ni mwenye duara. Nikiona mwenye duara, au mwenye karasha ambako mtoto anasaga mawe, ameandikwa kama "mlezi" kwenye fomu, nimemaliza kupima. Mwajiri hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya mtoto ambaye kumwajiri kwenyewe ni kosa, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanya kazi za hatari na inaitaja migodi. Mtafiti makini huitafuta kamati ya maadili mapema, huomba ruhusa ya kuwa na mtu wa tatu asiye na maslahi, kwa mfano ofisa ustawi wa jamii au mwalimu, na huandika wazi jinsi alivyofanya.

Baada ya ridhaa, chunguza majina. Hapa naomba msomaji akae nami kidogo, maana katika ukanda huu jambo hili ni la uhai.

Kati ya 2007 na 2009 mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa yaliitikisa nchi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Watoto wengi walipelekwa kwenye shule za bweni kwa usalama, ikiwemo Buhangija mjini Shinyanga, na nyuma yao wakafuata waandishi, wafadhili, wanasiasa na watafiti. Wataalamu Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha mwaka 2010 makala iliyoyahusisha mauaji hayo na uchimbaji mdogo wa dhahabu, kupitia wachimbaji wanaotafuta bahati na waganga wanaowauzia dawa. Ninaithamini kazi hiyo kwa kuwa iliitazama biashara nzima, mnunuzi na muuzaji, bila kutosheka na kusema kwamba watu wa bara wana imani potofu.

Sasa fikiri hesabu. Kwa makadirio yaliyotumika muda mrefu, Mtanzania mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Kijiji cha watu 3,000 basi kina wawili. Mtafiti akiandika "Neema, miaka 16, mwenye ualbino, wa kijiji fulani kilomita kumi kutoka Kahama, anaishi na bibi yake baada ya mama kufariki," jina la Neema halikumficha mtu yeyote. Limemwonyesha. Mimi hufanya hivi: nachukua jina moja la bandia, nakusanya kila dondoo lililowekwa chini yake kutoka kurasa zote, na kuyaandika pamoja kwenye karatasi. Ukurasa wa 12 unasema umri. Ukurasa wa 31 unasema baba ni fundi baiskeli gulioni. Ukurasa wa 47 unasema nyumba iko karibu na lambo. Halafu najiuliza: je, mtu mbaya akishuka stendi na karatasi hii mkononi, atahitaji kuuliza watu wangapi kabla ya kufika mlangoni? Kama ni wawili, ripoti hiyo haikustahili kuchapishwa, hata kama ilipita kwenye kamati zote.

Fundi wa kweli katika hili huvunja maelezo kwa makusudi. Huwagawa watu: dondoo la ukurasa wa 12 na la ukurasa wa 47 hayana jina moja, ingawa aliyesema ni mmoja. Hubadilisha kazi ya baba. Hutaja wilaya, hataji kata. Husema katika sura ya mbinu kwamba amefanya hivyo, ili msomaji asijenge hoja juu ya maelezo yaliyobadilishwa. Na hukataa picha. Picha ya kijana mwenye ualbino kwenye jalada, hata aliyepigwa kwa nyuma, hata aliyevaa kofia pana, kwangu inaishusha kazi mara moja, kwa sababu haina kazi yoyote ya kielimu pale isipokuwa kumfanya mfadhili asimame.

Kuna alama ndogo zaidi zinazoonyesha kama mtafiti alimwona kijana aliyeketi mbele yake. Vijana wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga. Je, fomu ya ridhaa ilichapwa kwa herufi kubwa, au ilisomwa kwa sauti taratibu? Mahojiano yalifanyika saa ngapi? Kivuli cha mwembe saa saba mchana Shinyanga kina matundu, na jua la kwenye mchanga mweupe linarudi usoni. Mtafiti mjuzi hukaa ndani, au alasiri, na yeye mwenyewe ndiye anayeelekea mwanga ili kijana aupe mgongo. Halafu macho: ya wengi wao huchezacheza yenyewe bila wao kutaka. Nikisoma kwenye maelezo ya mtafiti kwamba mhojiwa "alikwepa kunitazama, alionekana kuficha jambo," najua kwamba mwandishi hakujiandaa hata kwa kuongea na mwalimu mmoja wa shule ya Buhangija au ya Mitindo, na naanza kutilia shaka tafsiri zake zingine zote.

Kwa watoto wa wageni hatari ina sura nyingine. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya 1967, na wengi wetu tumekua tukiona swali la kabila ni la utani, la Wasukuma na Wazaramo kutaniana msibani. Kwa kijana wa asili ya Burundi huko Geita si utani. Septemba 2013 serikali ilianza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Kijana ambaye leo ana miaka 20 alikuwa mdogo wakati huo, lakini anakumbuka nani aliulizwa nini na kilichofuata. Hojaji inayoanza na jina, umri, kabila, mahali alipozaliwa baba, imefuata mpangilio ule ule wa ofisa wa uhamiaji. Utapata majibu. Utaambiwa "Msukuma," na utaandika Msukuma, na ripoti yako itasema machimbo hayo hayana wageni.

Watafiti wazuri niliowasoma hawalifungui suala hilo kwa swali. Huuliza nani hula na nani, nani hukopeshwa unga dukani na nani hudaiwa fedha taslimu, nani hupewa kazi ya kushuka chini na nani huachiwa marudio ya kuosha. Asili ya mtu hujitokeza yenyewe kama ina maana kwake, na isipojitokeza haikuwa haki ya mtafiti kuidai. Baadhi hawarekodi kabila kabisa kwenye faili lenye sauti. Huliweka kwenye daftari tofauti, kwa alama, au huliacha. Wanaosema kwamba data inapungua wanasema kweli. Inapungua, na inapaswa kupungua.

Hapa niseme juu ya kazi moja kubwa iliyofanyika katika eneo hili hili, kwa kuwa inafundisha zaidi ya mihadhara mingi. Mwaka 1998, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza jaribio la elimu ya afya ya uzazi katika jamii 20 za wilaya za Geita, Sengerema, Misungwi na Kwimba. Pamoja na hojaji na vipimo vya maabara, timu iliwapeleka watafiti vijana wa Afrika Mashariki kuishi vijijini, kulala kwenye nyumba za watu, kwenda kisimani na gulioni. Mary Plummer na wenzake walipolinganisha njia mbalimbali za kukusanya taarifa, katika makala ya 2004, waligundua kwamba miongoni mwa vijana ambao vipimo vya maabara vilionyesha wamewahi kujamiiana, ni asilimia 58 tu ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana waliokiri hivyo kwenye hojaji zote mbili za 1998. Mahojiano ya kina yalisogea karibu zaidi na ukweli, na kukaa na watu kijijini kulifungua mengi.

Wasomaji wengi huchukua takwimu hiyo kama ushahidi kwamba vijana ni waongo. Mimi naisoma vingine. Msichana wa shule ya msingi, katika nchi ambako mimba ilimfukuzisha shule, aliulizwa na mtu mzima mwenye karatasi kama amewahi kulala na mwanamume. Akasema hapana. Alikuwa akijilinda kwa silaha pekee aliyoachiwa, na jibu lake la uongo ni kukataa kushiriki kwa njia nyingine. Mpimaji mwenye jicho huuliza basi: mtafiti alipogundua kwamba jibu si kweli, alifanya nini na ugunduzi huo? Alirekebisha njia yake ya kuuliza, au alimrudia msichana na kumbana? Na njia ile ya kuishi kijijini, ambayo naipenda kuliko zote, inastahili ukali wa pekee, kwa sababu inaweza kuyapata kwa mlango wa nyuma yale ambayo kijana aliyakatalia mbele. Ukisoma kazi ya namna hiyo, angalia kama mwandishi anatenganisha alichoambiwa akiwa mtafiti na alichokisikia akiwa rafiki jikoni usiku, na kama cha jikoni alikiombea ruhusa kabla ya kukichapa.

Lugha ni kipimo kingine, na hiki hakihitaji utaalamu. Soma dondoo tano kwa sauti. Kama mchimbaji wa miaka 17 wa Nyarugusu huko Geita anaongea kama tamko la semina, "changamoto tunazokabiliana nazo ni ukosefu wa vifaa kinga," basi ama hayo si maneno yake, au ni maneno aliyofundishwa na mradi uliotangulia. Vijana wa machimbo wana Kiswahili chao, chenye karasha na mwalo na matimba na viroba, na Kisukuma kinaingia katikati sentensi ikipamba moto. Tafsiri nzuri huacha hayo yasikike. Huacha na ukimya, ikiandika kwamba hapa alinyamaza, hapa alicheka, hapa alisema "tuache hiyo." Uliza pia mkalimani alikuwa nani. Mkalimani aliyeokotwa kijijini hapo hapo, mpwa wa mtendaji au mke wa mwenye duka anayewadai wote, anaondoka na siri zote baada ya gari la mradi kurudi mjini.

Juu ya malipo nitasema kidogo. Kumtoa kijana mwaloni kwa saa mbili bila kumfidia ni kumwibia; kumpa fedha inayozidi kipato cha siku nzima ni kumnunua. Ripoti iseme kiasi, na iseme kwamba aliyeacha katikati alipewa sawa na aliyemaliza. Soda na sabuni si fidia, ingawa ni adabu.

Lipo suala gumu la ahadi ya siri, na hapa wengi huanguka wakiwa na nia safi. Fomu inasema "kila utakachosema kitabaki siri." Haiwezi kuwa kweli. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mtoto akisema anachoma zebaki kwenye kifuniko cha chungu ndani ya chumba anacholala na wadogo zake, au msichana akisema nani humfuata usiku, mtafiti amekwisha kubeba wajibu. Kazi bora humwambia kijana mpaka huo kabla ya swali la kwanza, kwa maneno mepesi, ili achague mwenyewe cha kusema. Na huwa imepanga kabla ya safari ni nani atakayepigiwa simu: ofisa ustawi yupi, dawati la jinsia lipi, zahanati ipi ina nini. Kazi iliyobuni majibu hayo baada ya mtoto kuanza kulia haikuwa tayari kwenda kule.

Hata hivyo, usipime kila kazi kwa rula moja. Ripoti ya Human Rights Watch ya Agosti 2013 juu ya watoto katika machimbo madogo ilitokana na kutembelea machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya na kuongea na watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi humo. Ni kazi ya utetezi. Swali lake ni hatari iko wapi na nani awajibike, na Oktoba mwaka huo huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Kuidai kina cha utafiti wa miaka mitatu ni kuionea. Lakini tasnifu ya chuo iliyokaa miezi kijijini na bado ikaleta orodha ile ile ya maumivu, bila kijana hata mmoja anayepanga, anayependa, anayecheza mpira, anayemtania mwalimu, hiyo sina huruma nayo. Eve Tuck, msomi wa jamii ya Unangax̂ ya Alaska, aliandika mwaka 2009 barua ya wazi akiziomba jamii zilizoonewa zisitishe utafiti unaokusanya majeraha tu, kwa sababu jamii inayoelezwa kwa majeraha yake pekee huishia kujiona hivyo. Barua hiyo ingefaa kusomwa katika kila ofisi inayotuma watu Buhangija. Kijana mwenye ualbino aliyesimulia mara nyingi jinsi panga lilivyokuja, na hajaulizwa hata mara moja anataka kusomea nini, anajua tayari wageni wanamthamini kwa lipi. Mwongozo wa maswali usiouliza kabisa juu ya shambulio, ukamwachia alitaje akitaka, mimi huupa alama za juu.

Wapo waliokwenda mbele zaidi ya kuomba. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakidai heshima, ukweli, haki na uangalizi kutoka kwa kila anayekuja kuwahoji. Hawakusubiri kamati ya chuo iwaamulie. Ukikuta kazi ya Shinyanga au Geita ambamo vijana wenyewe walikaa kabla ya mahojiano, wakayasoma maswali na kuyafuta baadhi, umekuta kitu adimu. Angalia kama mwandishi ameyataja maswali yaliyofutwa. Wengine huona aibu kuyataja, kana kwamba ni upungufu, na mimi huyatafuta hayo kwanza.

Mwisho pima marejesho. Matokeo yalisomwa kwa nani kwanza? Warsha ya hoteli Dar es Salaam, yenye mabango na vitafunio, haihesabiki. Ninauliza kama mtafiti alirudi mwaloni au bwenini kabla ya kuchapa, akasoma dondoo kwa sauti, na kumruhusu aliyesema kusema "hilo litoe." Ninauliza kama kuna dondoo lililotolewa kwa njia hiyo. Na ninauliza sauti zilizorekodiwa ziko wapi leo: kwenye simu ya msaidizi aliyekwisha maliza mkataba, kwenye kompyuta ya chuo ng'ambo, au zimefutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sasa inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na kijana aliyehojiwa akiwa na miaka 15 atafika 18 na anaweza kubadili mawazo. Ripoti iliyoweka tarehe ya kufuta sauti, jina la ofisi inayohusika na namba ambayo kijana anaweza kuipiga akitaka zake zifutwe mapema, isome yote kuanzia ukurasa wa kwanza.